Mshono wa Kuoza

Fundi turubai wa mtaa ule aliitwa Kaza, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na madereva wa malori. Kila walipomletea turubai lililochanika walimsimamia kichwani na kumhimiza, "Kaza, fundi, kaza!" Naye alikaza. Cherehani yake ilikuwa nzito kama jiko la chuma, sindano yake nene kama msumari, na uzi wake wa nailoni ungeweza kuvuta gari lililozimika. Hakuona haya kujisifu: miaka kumi na tisa, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba mshono umeachia. Kitambaa kingechakaa, kikapauka kikawa kama karatasi, lakini mshono wa Kaza ungebaki pale pale, umeng'ang'ania hewa.

Mbele ya karakana, mkewe aliuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kaunta ya vioo. Nyuma kulikuwa na mlango wa bati, na nje ya mlango huo, mto.

Zamani, kati ya mlango na mto palitosha kuegesha malori mawili. Sasa zilibaki hatua kumi na nne, na Kaza alizipima kila mvua zilipokatika. Mto ulikuwa na desturi yake. Ulikuja mwekundu, ukautafuna ukingo kwa chini, ukapungua kimya kimya. Siku mbili baadaye, jua linawaka na watu wameshasahau, kipande cha ardhi kikaporomoka majini. Seremala wa jirani alipoteza banda la mbao. Muuza rangi alipoteza choo. Kiliondoka kizima, mlango umefungwa kwa ndani au kwa nje hakuna aliyejua, na mtaa mzima ulishinda asubuhi ile ukihesabiana kuhakikisha hakuna aliyekuwamo. Ofisi ya maji ilileta mawe na waya, ikajenga ukuta. Mto ukapita nyuma ya ukuta, ukauacha umesimama katikati ya maji kama mgeni aliyekosa kiti.

Aliyeanza kuutazama mto kwa jicho jingine alikuwa dada yake Kaza. Mtaa ulimwita Bi Kitalu, kwa kuwa alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kitalu cha miche cha manispaa, akiotesha maua ya kupandwa kwenye mizunguko ya barabara. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vikubwa, na hakusema lolote juu ya udongo kabla hajaunusa. Alipostaafu, watu walidhani atapumzika. Alipumzika siku nne.

Siku ya tano alivaa buti za mpira, akaufuata mto kwenda juu, akitafuta mahali ambapo ukingo haujaliwa. Alipapata mwendo wa saa tatu kutoka mjini. Matete na mafunjo yalisimama majini, ndago zikafuata, na nyuma yake mierebi na mikuyu. Alishinda hapo mchana kutwa akichimba kwa vidole. Aliporudi alikuwa na matope mpaka kiunoni, na uso wa mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Kule mto haukuzuiwa na mawe, wifi," alimwambia mke wa Kaza akivua buti mlangoni. "Umeshikwa na nywele."

"Nywele za nani tena?"

"Mizizi. Myembamba kama hizo ulizosuka. Shika uvute, utachoka wewe."

"Basi za kichwani kwangu uziache. Zina kazi dukani."

Walicheka, lakini Bi Kitalu hakuwa anatania. Wiki ile ile alileta vijiti vya mierebi na vishina vya matete, akavichomeka nyuma ya karakana kwa mstari. Vikachipua vizuri. Mvua ya kwanza ikaja ikavichukua vyote. Akapanda tena, vikachukuliwa tena. Mche ulihitaji misimu miwili ya utulivu ili uishike ardhi, na mto ule haukuwa na utulivu wa kumpa mtu. Watu waliopita walimpa pole, kisha wakifika kwenye kona wakavunjika mbavu kwa kicheko. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia maji siku mbili nzima, halafu akanyanyuka.

Asubuhi iliyofuata aliingia karakana akisukuma mkokoteni uliojaa magunia ya katani yaliyokwisha kubeba nafaka.

"Nataka uyaunge haya," alisema. "Manne manne, yawe mrija mmoja mrefu, mnene kama mtu mzima aliyelala. Nitajaza udongo na makumbi ya nazi. Juu utoboe matundu, kila tundu mche mmoja. Tutayalaza pale ukingoni na kuyapigia vigingi. Mto upige gunia, usipige mche, mpaka mizizi itoke ishike ardhi."

Kaza alilivuta gunia moja huku na huku. "Kazi ndogo hii. Nailoni, mistari miwili, hata tembo halipasui."

"Siyo nailoni. Uzi wa katani."

"Dada, katani kwenye maji haimalizi miaka miwili. Itaoza."

"Ndivyo ninavyotaka. Gunia lioze, uzi uoze, ubaki mti."

Kaza alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Yaani nishone kitu ili kifumuke?"

"Ushone kitu kijue wakati wa kuachia."

"Mimi mshono wa hivyo siujui."

"Jifunze, mdogo wangu. Umri bado unao."

Habari zikazagaa kabla ya adhuhuri. Muuza rangi alichungulia dirishani akauliza kama ni kweli Kaza anaushonea mto mito, na kama ataanza na shuka au foronya. Kaza alijitia hamnazo, akaendelea kupanga magunia sakafuni. Lakini maneno yale yalimwingia.

Asifikiriwe vibaya. Aliyoyafanya baadaye hakuyafanya kwa chuki. Alikuwa amemwona dada yake akipoteza miche mara mbili, akasikia vicheko vya konani, na kila alipofumba macho aliona magunia yakipasuka katika mvua ya kwanza mbele ya watu wote, tena yakiwa na mshono wake. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Kwa hiyo alichukua uzi wa nailoni, akauchovya katika sufuria ya chai nzito mpaka ukapata rangi ya katani, akashona nao. Na kwa kuwa hakuzoea kazi ya nusu nusu, alizungushia kila tundu la mche raundi tatu za uzi ule, ili lisichanike. Alitengeneza magunia marefu kumi na mawili, kila moja na matundu arobaini.

Bi Kitalu na wifi yake nao walishona kumi kwa mkono, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani wa kweli, wamekaa kwenye kibaraza. Yalitoka yamepinda, mishono yake kama makovu. Siku ya kuyalaza, Bi Kitalu alipitisha kiganja juu ya magunia ya Kaza, tundu kwa tundu, akamtazama Kaza kama mtu aliyefurahi kupita kiasi.

"Mkono wako una baraka," alisema. "Haya ya kwako yakae konani, maji yanapopiga kwa nguvu. Ya kwetu yatakaa pembeni."

Sifa ile Kaza aliimeza kama chai ya moto.

Mtaa ulijitokeza kuliko ilivyotarajiwa. Seremala alichonga vigingi, hata muuza rangi alikunja suruali akaingia matopeni, akilalamika kwa sauti ya juu ili aonekane. Mto ulikuwa chini wakati ule. Waliyalaza magunia mguuni mwa ukingo, wakayafunga, wakapanda mierebi juu na matete upande wa maji. Bi Kitalu alikuwa kila mahali. Alijua mche upi uinamishwe na upi usimame, akajua kwa kugusa tu kama udongo umeshindiliwa sana. Watu waliomcheka mwezi uliopita sasa walimwita wakitaka aje aone kama wamepatia.

Mvua zikaja, na magunia yakashika. Yote ishirini na mawili. Maji yaliyapanda mgongoni yakashuka, yakaacha tope jipya nyuma yake badala ya kuiba la zamani. Vicheko vikakatika. Mierebi ikafika kiunoni, kisha kifuani. Samaki wadogo wakaanza kujificha kwenye kivuli cha matete, kerengende wakaja, na mke wa Kaza akawa anafungua mlango wa bati makusudi, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka.

Bi Kitalu alikuwa na daftari. Kila Jumatatu aliandika urefu wa miche, gunia kwa gunia. Mwaka ulipotimia, daftari lilianza kumsema. Miti ya pembeni, ile ya mishono iliyopinda, ilikuwa inanenepa. Ya konani ilikuwa imedumaa. Halafu ikaanza kupata manjano.

Alitafuta kosa kwake. Alinusa udongo, akauonja. Alibeba samadi na majivu kwenye beseni, akabadilisha, akamwagilia wakati mwingine hakumwagilia. Alirudi mara mbili kule juu kwenye ukingo mzima, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, kulinganisha majani. Alikonda. Jioni moja Kaza alimkuta amechuchumaa konani, daftari magotini, kalamu haiandiki.

"Nadhani nilichukua vijiti kutoka mti mgonjwa," alisema bila kugeuka. "Miaka ishirini na miwili kazini, nashindwa kujua mti mgonjwa."

Kaza alitaka kusema kitu, akasema, "Jua limekuwa kali."

Aliyemkaba ni mkewe. Kesho yake, akipanga nyuzi ndani ya kaunta, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi mwaka jana ule mwezi wa magunia, ulishona turubai la nani?"

"Sikumbuki. Kwa nini?"

"Maana niliuza roli mbili tu za nailoni nene, na kwenye rafu zilikuwa zimepungua tisa. Nikanyamaza. Nikadhani umemsaidia fundi mwenzako." Alifunga kioo taratibu. "Na sufuria yangu ya chai mpaka leo ina duara la kahawia lisilotoka."

Kaza alichukua wembe, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alipiga magoti matopeni mbele ya gunia la kwanza. Katani ilikuwa imeanza kuoza, inavunjika kama mkate mkavu, lakini kila tundu lilikuwa bado na pete yake. Raundi tatu. Mti ulikuwa umenenepa, pete haikuachia. Uzi ulizama ndani ya gamba mpaka hauonekani, na juu yake shina lilikuwa limevimba kama shingo ya mtu anayenyongwa. Alikwenda mti wa pili. Wa tatu. Mshono ulikuwa safi, mzuri, haukusogea hata unywele. Ulikuwa mshono bora kuliko yote aliyowahi kushona maishani, nao ulikuwa unaua.

Kisha alikwenda kwa dada yake, akamkuta jikoni anachambua mbegu kwenye ungo, akasimama mlangoni na matope yake.

"Siyo miti migonjwa, dada. Ni mimi." Akamweleza yote: nailoni, chai, pete tatu.

Bi Kitalu alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nauonja udongo. Wewe unaniona."

"Sikujua kama ndicho..."

"Hukujua, lakini ulijua hukunitii. Niliposema nimekosa, ungesema hata 'labda'." Alinyanyuka, akaweka ungo juu ya meza kwa uangalifu uliotisha kuliko kama angeutupa. "Nilikuambia nini nilipokukabidhi magunia yale?"

"Kijue wakati wa kuachia."

"Basi."

Hakusema zaidi siku ile. Lakini alfajiri Kaza alipofungua mlango wa bati, alimkuta dada yake ameshapiga magoti konani, kitambaa kichwani, wembe mkononi.

"Matundu mia nne na themanini," alisema. "Anzia mwisho ule. Ukate uzi, usikate gamba. Ukimaliza mti, upake tope."

Ilichukua siku tano. Kaza alifunga karakana, na dereva aliyeleta turubai alijibiwa na mke kwamba fundi yuko mtoni anafumua, jibu ambalo dereva alirudia mara tatu kwa mshangao kabla ya kuondoka. Vidole vya Kaza vilichubuka. Uzi ule haukukubali kukatwa kirahisi, na kila pete alilazimika kuitafuta ndani ya ngozi ya mti kwa ncha ya wembe. Siku ya pili seremala alikuja na patasi ndogo. Siku ya tatu mkewe alifunga kaunta, akaja. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bi Kitalu alizungumza naye kwa habari za kazi tu, "huo umeacha kipande," "geuza upande wa maji," mpaka siku ya nne mchana, alipompelekea kikombe cha maji akamshikia kinywani kwa sababu mikono yake ilikuwa matope matupu.

Theluthi ya miti ya konani ilikuwa imekufa. Bi Kitalu aliing'oa, akaziba mapengo kwa vijiti vipya na mafunjo, akashona upya palipohitaji kushonwa. Safari hii Kaza alikaa kando yake kwenye kibaraza akijifunza. Uzi wa katani ulimshinda mwanzoni: aliuvuta ukakatika, akauvuta tena ukakatika.

"Unakaza," alisema dada yake.

"Nimezoea."

"Legeza. Gunia siyo adui yako."

Mvua hazikuwasubiri. Zilikuja wiki tatu baadaye, mapema kuliko kawaida, na mto ukapanda mchana kweupe, mwekundu, unabeba magogo na milango ya watu wa juu. Mtaa mzima ulisimama nyuma ya karakana. Maji yalifikia mguu wa mierebi, yakafikia kifua chake, kisha miti yote ikalala chini na ikapotea, kama mtu amepitisha kiganja juu ya shuka. Palibaki maji tu.

"Imekwenda," alisema Kaza.

"Subiri," alisema Bi Kitalu. Alikuwa amemshika wifi yake mkono.

Walisubiri mpaka jioni, wakasubiri na asubuhi yake. Maji yalipopungua, miti ilikuwa imelala kifudifudi kuelekea chini ya mto, imetandikwa tope, imejaa takataka za mji mzima. Ilikuwapo, ila pale ambapo miti mingi ilikuwa imekufa. Hapo magunia mawili yalikuwa yamekwenda na kipande cha ardhi cha ukubwa wa meza. Kaza hakuhitaji kuambiwa ni kwa nini ni hapo. Kwingine kote ukingo ulikuwa mzima. Chini yake, pale maji yalipochimba kidogo, mizizi ilining'inia wazi, maelfu, myeupe na myekundu, imesukana kwenye udongo.

Siku ya tatu mierebi ilianza kujiinua. Siku ya sita ilisimama, imepinda kidogo, ina majani mapya. Muuza rangi alileta watoto wake kuiona, kisha akawaleta na wakwe zake.

Baadaye, ofisi ya maji ilimtuma mhandisi, msichana makini mwenye miwani na kamba ya kupimia, ambaye alizunguka nusu siku akiandika, kisha akaomba kumwona fundi mkuu wa mradi. Walimpeleka kwa Bi Kitalu. Walizungumza mpaka saa ya kufunga maduka, na mhandisi aliondoka akiwa hana kiatu kimoja, kimebaki matopeni, akisema hapana, hapana, atakuja kukifuata kesho, kwa kuwa maswali yake hayajaisha. Alirudi kweli. Watu wa mtaa wa chini nao walikuja kutaka magunia. Kaza aliwashonea, na kabla ya kuwakabidhi aliwaeleza mwenyewe habari ya nailoni, hakuficha kitu, akawapeleka konani akawaonyesha kovu kwenye shina la mti. Wengine walishangaa fundi anajianika hivyo. Yeye aliona ni sehemu ya mzigo.

Msimu uliofuata Bi Kitalu alianza kuitolea macho ng'ambo. Kule palikuwa na shimo kubwa la udongo la mfyatua matofali, halitumiki tena, na alitaka liachwe wazi ili mto ukifurika ulale humo badala ya kuingia kwenye nyumba. Mfyatua matofali alikuwa mtu wa kubisha. Walivuka darajani asubuhi moja, dada mbele, Kaza nyuma na mzigo wa vijiti vya mierebi begani.

"Bibie, shimo ni langu, na maji siyataki," alisema mfyatua matofali kabla hata hawajasalimiana vizuri.

"Shikamoo yangu kwanza, halafu tugombane," alisema Bi Kitalu. Yule bwana akaona haya, akaamkia. "Marahaba. Haya, nionyeshe. Mwaka ule wa mafuriko makubwa, maji yalifika wapi hapa kwako?"

Mfyatua matofali alinyoosha mkono kuelekea tanuri la zamani, akiwa bado amekasirika. Halafu akakumbuka kitu, akapiga hatua mbili, akaonyesha pengine. Kisha akaanza kusimulia, akiteremka shimoni kumwonyesha vizuri zaidi, na Bi Kitalu akamfuata akiitikia kwa kichwa na kuuliza, buti zake zikiteleza kwenye udongo. Kaza aliushusha mzigo begani, akatafuta tofali zima la kukalia. Alimjua dada yake. Hapo wangeshinda mpaka mchana.